Kokoto, mabomba na perege: majibu kwa wanaofuga samaki na kulima mboga uani

Maswali mengi ya safari hii yanahusu akuaponiki, yaani samaki na mboga kutumia maji yale yale: uchafu wa samaki unalisha mboga, kokoto na mizizi inasafisha maji, maji yanarudi kwa samaki. Tumechagua yale ambayo majibu yake huku kusini mwa Tanzania hayafanani na yale ya nchi za baridi.

Nilijaza kokoto nyeupe kwenye vitanda viwili. Mchicha uliota vizuri, lakini sasa majani machanga yanageuka njano na mishipa inabaki kijani. Niongeze samaki ili mbolea iwe nyingi? (Mikindani)

Usiongeze hata mmoja. Hizo kokoto nyeupe za pwani kwa kawaida ni matumbawe ya kale au mawe ya chokaa. Maji yakipita juu yake chokaa inayeyuka kidogo kidogo, pH (kipimo cha uasidi wa maji; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) inapanda hadi kwenye 8 na kukaa hapo. Katika pH hiyo madini ya chuma yanaganda na mizizi haiyapati. Dalili yake ni hiyo uliyoieleza. Kama njano ingeanzia majani ya chini, yaliyozeeka, tungesema ni upungufu wa naitrojeni, na hapo swali lako la samaki lingekuwa na maana.

Pima leo. Osha kiganja cha kokoto, zikaushe, zimwagie siki nyeupe. Ndimu pia inafaa. Zikitoa mapovu, ni chokaa. Kipimo hiki kifanyike kabla lori halijamwaga mzigo, maana kitanda kimoja cha mita 1.2 kwa 1 chenye kina cha sentimita 30 kinabeba karibu kilo 600 za kokoto, na kuzitoa ni adhabu. (Kwa uzito huo huo, msiweke kitanda juu ya meza ya mbao. Panga matofali ya bloku ya inchi 6 juu ya ardhi iliyoshindiliwa, na pima kwa pima maji kabla ya kujaza.)

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwenye majani. Amonia wanayotoa samaki ina sura mbili, moja sumu na nyingine karibu haina madhara. Kwenye maji ya nyuzi 30 yenye pH 7, sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 7. Kwa hiyo kipimo kile kile cha amonia kinachovumilika kwa jirani mwenye pH 7 kinaweza kuua samaki wako. Ndiyo maana tumekataza kuongeza samaki.

Dawa ni kubadilisha kokoto. Tafuta za mwamba mgumu wa bara, kama ule wa milima ya Masasi, za milimita 8 hadi 20, na hizo nazo zipimwe kwa siki. Vipande vya matofali ya kuchoma vinafaa pia, mradi visiwe na saruji iliyogandia. Wakati unajipanga, weka chuma cha kilimo cha aina ya EDDHA (kilichotengenezwa kisigande pH ikiwa juu) chenye asilimia 6, kama gramu 30 kwa kila lita 1000 za maji. Maji yatakuwa mekundu kama chai ya rangi, usishtuke. Usimwage asidi ya kushusha pH: kokoto zitaila na pH itarudi ilipokuwa, huku samaki wakiyumbishwa bure.

Nina tenki la samaki la lita 1000, vitanda viwili vya kokoto, na pipa la lita 200 chini lenye pampu. Umeme ukikatika pipa linafurika. Ukirudi pampu inanyonya hewa. Fundi anasema pampu ni mbovu. (Lindi mjini)

Pampu haina kosa, hesabu ya pipa ndiyo iliyokosewa. Kitanda cha ukubwa huo kikijaa maji kwa kina cha sentimita 25 kina ujazo wa lita 300, kokoto zinachukua kama asilimia 60, maji yanabaki lita 120. Viwili ni lita 240. Umeme ukikatika, maji hayo yote yanashuka kwenye pipa ambalo tayari lina lita 60 au 80 za kufunika pampu. Yasipofurika itakuwa ajabu. Na kwa kuwa yaliyofurika yamepotea, umeme ukirudi hakuna maji ya kujaza vitanda.

Tenki la chini liwe na nafasi ya lita 400 au zaidi. Njia rahisi ni kuunganisha mapipa mawili kwa chini, kwa bomba la inchi 2 na konekta za tenki. Yakae usawa mmoja, nayo yatajaa na kupungua pamoja. Ukipenda kuchimbia tenki la lita 500, zungushia zege shingoni: kwenye ardhi iliyolowa masika, tenki lenye maji kidogo huibuka kutoka shimoni.

Kagua na mabomba mawili haya. La kwanza ni la kutoka kwa samaki. Lianzie sentimita chache juu ya sakafu ya tenki, pale uchafu unapotua, lipande ndani hadi usawa wa maji unaoutaka, ndipo litoboe ukuta. Pale juu weka tii (kiungio cha njia tatu) yenye mdomo wazi. Bila tundu hilo la hewa, bomba likishajaa linavuta maji hadi kwenye mdomo wake wa chini na samaki wanabaki kwenye matope. La pili ni bomba la pampu. Mdomo wake ukizama kwenye maji ya samaki, umeme unapokatika maji yanarudi kinyumenyume hadi pipani. Mdomo ubaki juu ya maji, au toboa tundu la milimita 6 sehemu iliyo juu ya maji.

Maneno ya kwenye boksi la pampu, "lita 2000 kwa saa", ni ya kimo sifuri. Ukipandisha maji mita 1.5 unaweza kupata nusu yake. Unachohitaji ni maji ya tenki la samaki kuzunguka mara moja kwa saa, basi nunua pampu ya lita 2500 hadi 3000 inayoweza kupandisha walau mita 3, na utumie bomba la inchi 1. Bomba la nusu inchi linaibana pampu. Gundi ya PVC ipakwe upande wa pampu wenye shinikizo. Mabomba ya kushusha maji yachomekwe tu, ili siku yakiziba uyachomoe.

Usitumie koki wala viungio vya shaba au bati la zinki mahali popote panapogusa maji. Samaki hawavumilii madini hayo. Plastiki inatosha.

Na umeme wenyewe: maji ya nyuzi 30 yakishiba hewa yana kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, na samaki wakubwa wanaimaliza kwa saa chache. Weka pampu ndogo ya hewa ya volti 12, wati 10, na betri ya Ah 40. Ukitumia nusu ya betri unapata karibu saa 24.

Saifoni yangu ya kengele haishtuki. Maji yanafika juu yanachuruzika tu, kitanda hakishuki. (Nachingwea)

Saifoni hii ni bomba la kusimama lililofunikwa kwa bomba pana kama kengele: maji yakifika juu inashtuka na kuyavuta yote hadi chini. Kwako maji yanaingia taratibu mno. Kwa kitanda cha mita moja ya mraba, bomba la kusimama la inchi 1, kengele ya inchi 3 na kizuizi cha kokoto cha inchi 4, maji yaingie kati ya lita 200 na 500 kwa saa. Pima kwa ndoo: lita 10 zijae ndani ya dakika 2. Kama kasi ipo na bado haishtuki, weka ridyusa (kiungio cha kuunganisha mabomba ya upana tofauti) kichwani mwa bomba la kusimama ili mdomo uwe mpana kama faneli, na elbo chini linapotokea. Angalia pia kifuniko cha kengele, kikivujisha hewa hutapata kitu.

Kinyume chake, saifoni ikianza na isiache, maji yanaingia kwa kasi kuliko inavyotakiwa, au meno yaliyokatwa chini ya kengele ni madogo. Yapanue hadi sentimita 1.5.

Usipande matembele wala mnanaa kwenye kitanda cha saifoni. Mizizi yake inaingia kwenye kizuizi na kuziba kila kitu.

Huku juu maji ni ya kununua. Je, mradi huu unawezekana kwa maji ya mvua? (Newala)

Unawezekana, na kwa maji ya kununua tungeuita hasara kuanzia mwanzo. Mfumo wa lita 1200 unapoteza kama lita 12 hadi 36 kwa siku kwa jua na mboga. Bati la mita 6 kwa 8 linakusanya karibu lita 400 kwa mvua ya milimita 10. Lakini mvua zenu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo hesabu akiba ya kiangazi: lita 25 kwa siku kwa siku 200 ni lita 5000.

Maji ya mvua yana shida iliyo kinyume na ya msomaji wa Mikindani. Hayana chokaa, na bakteria wa kwenye kokoto wanavyobadili amonia kuwa nitrati, ambayo ndiyo chakula cha mboga, wanazalisha asidi. Baada ya wiki kadhaa pH inaweza kushuka chini ya 6 na bakteria wakalegea. Hapa ndipo kokoto nyeupe zinapofaa: funga kilo moja kwenye mfuko wa wavu, ning'iniza ndani ya tenki la chini, toa pH ikifika 7.

Kwa walio pwani wenye visima: onja kwanza. Kikionjeka chumvi, perege watavumilia lakini mchicha utaungua ncha.

Shamba la jirani ni mikorosho, na msimu wa kupuliza dawa umekaribia. Nifanye nini? (Tandahimba)

Salfa ya ubwiriunga (ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho) yenyewe si sumu kali kwa samaki, ila vumbi likitua kwenye kokoto bakteria wanaligeuza asidi. Tunachoogopa zaidi ni dawa za kuua mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa malaria). Nyingi ni za kundi la pairethroidi, na kiasi kidogo sana kinaua tenki zima. Elewana na jirani akujulishe siku. Siku hiyo funika tenki la samaki na la chini kwa turubai, shusha pazia upande wa upepo, na tenganisha gata la maji ya mvua hadi mvua ya kwanza iwe imeosha bati.

Mboga zako nazo zisipulizwe chochote cha dukani.

Nijenge kitalu nyumba cha nailoni pande zote? (Chikongola)

Hapana. Joto mnalo tayari. Nailoni iliyofungwa itawapika samaki. Paa liwe la nailoni ya kitalu kwa ajili ya mvua, juu yake neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 miezi ya jua kali, na pande zote neti ya wadudu. Acha mdomo wa hewa juu kwenye mgongo wa paa. Tenki la samaki lipakwe rangi nyeusi kwa nje, kisha nyeupe: nyeusi inazuia mwani, nyeupe inarudisha jua.

Nailoni ya paa ifungwe kwa namna ya kufunguliwa haraka. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipita karibu na Mtwara, na Hidaya cha Mei 2024 kiliathiri mkoa wa Lindi. Onyo likitolewa, vua nailoni, acha mifupa. Nguzo za miti zisizotiwa dawa ni chakula cha mchwa.

Perege wangapi, na niwaweke lini? (Mingoyo)

Tenki la lita 1000 na vitanda viwili: 20 hadi 25, wote madume. Kinachotawala ni chakula, si idadi. Mboga za majani zinahitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo vitanda vyako vinataka kama gramu 100 hadi 120. Kipimo hicho ni cha mfumo uliokomaa. Anza na kidogo: wanachokimaliza kwa dakika 15, cha kuelea, chenye protini asilimia 30 au 32.

Maji yazunguke kwanza bila samaki. Ya bomba yakae siku mbili wazi ili klorini itoke. Kisha weka chanzo cha amonia, hata kiganja cha chakula cha samaki kioze humo, na upime kila siku tatu. Amonia itapanda na kushuka, nitriti (inayotokea kati ya amonia na nitrati) itapanda na kushuka, nitrati itaonekana. Kwa joto letu ni wiki tatu hadi tano. Amonia na nitriti zikiwa karibu sifuri, leta vifaranga, uache mfuko uelee juu ya maji dakika 20 kabla ya kuwaachia.

Niwachanganye na kambale? (Masasi)

Kambale watakula perege wadogo. Watenge, au fuga kambale peke yao, nao wanavumilia umeme kukatika kuliko perege kwa kuwa wanavuta hewa ya juu. Funika tenki kwa wavu mzito: kambale hutoka usiku.