121 si asilimia

Barua pepe ilikuja Oktoba: binti yangu kapata 124 kwenye mtihani wa kuingia shule za grama, zile sekondari za serikali zinazochuja watoto kwa mtihani. Hapa Buckinghamshire, Uingereza, anayefikisha 121 amefuzu. Nikaitupa habari kwenye grupu la familia, dada yangu wa Tanga akanijibu kwa vigelegele. Tarehe 1 Machi, siku ya kutangaziwa nafasi, tukapewa shule nyingine kabisa, isiyo ya grama.

"Kwani hakufaulu, kaka?"

"Amefaulu."

"Sasa?"

Nilikuwa sijaelewa mambo mawili. Kwanza, 121 si maksi. Nilikuwa napiga hesabu za asilimia kama mjinga, wakati alama hizo husawazishwa: mtoto hupimwa dhidi ya wenzake waliofanya mtihani uleule, na umri wake huhesabiwa kwa miezi. Mwaka wa shule huanza Septemba, kwa hiyo aliyezaliwa Septemba amemzidi wa Agosti karibu mwaka mzima darasani humohumo. Wakipatia idadi sawa ya maswali, wa Agosti hutoka na alama ya juu. Ndiyo maana kitabu cha mazoezi kikisema mtoto kapata 80%, hakijakwambia lolote kuhusu 121. Kule Kent, eneo jingine la Uingereza lenye shule za grama, ukali ni zaidi: jumla iwe imefika, na kila karatasi ya mtihani nayo ina kiwango chake cha chini. Hesabu ikimwangusha mtoto, Kiingereza hakimwokoi.

La pili ndilo lililotuumiza. Kufuzu ni ruhusa ya kuomba tu. Shule ikijaa, wanaangalia nani ana ndugu pale, nani yumo kwenye eneo lake, nani anakaa karibu. Na sisi tuliosoma Tanzania tulipaswa kulijua hili kabla ya yeyote. Nani hakumbuki waliofaulu darasa la saba wakabaki nyumbani kungoja chaguo la pili kwa sababu madarasa hayakutosha?

Fomu ya kuomba shule hufungwa 31 Oktoba. Jaza shule unayoitaka kweli juu, lakini weka na ile ambayo kwa umbali mtoto ataipata. Shule haziambiwi umeziweka nafasi ya ngapi, kwa hiyo huadhibiwi. Halmashauri huchapisha umbali wa mtoto wa mwisho aliyeingia kila shule. Sikuwahi kufungua ukurasa ule.

Mdogo wa binti yangu anafanya mtihani Septemba. Safari hii nimepima umbali kwanza, vitabu vya mazoezi baadaye.