Usipande ndege kwenda kufundisha Thailand na viza ya utalii

Mdogo wangu, umesema tiketi umeshalipia nusu. Nusu iliyobaki usilipe.

Nimesoma uzi wako hapa jukwaani mara mbili, na kila nikifika pale uliposema "wakala kaniambia nitangulie na viza ya utalii, shule itanibadilishia huko huko" tumbo linanikata. Maneno hayo nayajua. Mimi niliuziwa mwaka 2018, Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye ofisi yenye feni moja na picha kubwa ya ndege ukutani, kwa shilingi 3,400,000. Na risiti wakala wangu hakunipa, kanipa kalenda.

Wengine hapo juu wamekujibu kistaarabu, "fanya utafiti mkuu", "kila mtu na bahati yake". Hakuna cha bahati hapa. Kuna viza inaitwa Non-B, ndiyo ya mtu anayekwenda kufanya kazi. Ukiingia nayo, shule inakuombea kibali cha kazi. Ukiingia na ya utalii wewe ni mtalii, hata ukifundisha vipindi 22 kwa wiki umevaa tai.

Na mimi tai nilivaa. Nilifika mwishoni mwa Oktoba, muhula wa pili ukaanza Novemba, shule ya serikali mkoa wa Khon Kaen, kule kaskazini mashariki wanakokuita Isan. Siku ya kwanza nikashuka basi nikamuuliza mama mmoja shule iko mbali au karibu, akanijibu "klai". Nilikuwa nimekariri kwenye ndege kwamba klai ni karibu. Nikaburuta begi. Kumbe karibu ni klai na mbali nayo ni klai, tofauti ni sauti tu, moja inashuka na nyingine imelala. Nilitembea kama kilomita sita, nikaingia getini nimelowa, mlinzi akadhani nimetoka kuvuka mto.

Kesho yake saa mbili kamili asubuhi, bendera, wimbo wa taifa, watoto wamejipanga uwanjani, nikapewa maiki nijitambulishe. Mkuu wa shule ni mama, nikasema nimsifie kwa lugha yao: suay, yaani mzuri. Sauti inatakiwa ipande mwishoni. Mimi nikailaza. Ukiilaza inakuwa mkosi. Kwa hiyo nimesimama mbele ya shule nzima, siku ya kwanza kazini, nikatangaza kwamba mkuu wetu ni mkosi. Kikawa kimya kama cha msibani, halafu uwanja mzima ukalipuka. Mama wa watu alicheka hadi akashika nguzo ya bendera. Nashukuru alicheka.

Darasani mambo ni yale yale tuliyoyaacha kwetu. Unaingia, watoto arobaini na kitu wanasimama na kuimba salamu ya Kiingereza kwa mkupuo mmoja, "aim fain thenkyu, en yu?", hata kama yule wa nyuma anaharisha. Viatu unaacha mlangoni, kwa hiyo siku soksi yangu ilipotoa kidole gumba nje, shule nzima ilijua kabla ya saa nne. Nikaambiwa nirekebishe matamshi, watoto wanachanganya "r" na "l". Mimi! Mtu wa Musoma, ambaye kwetu siku ya kupiga kura ukoo mzima unakwenda kupiga kula. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo usiku nafanya mazoezi ili kesho nisiumbuke.

Haya, turudi kwenye viza.

Viza ya utalii ilinipa siku 60. Zikiisha, unakwenda uhamiaji unalipa baht (hela yao) 1,900 wanakuongezea 30. Wakati wote huo nauliza shuleni karatasi zangu ziko wapi, najibiwa "zinakuja". Nampigia wakala, anasema "kawaida hiyo, tulia, we fundisha". Mshahara nalipwa kwenye bahasha, mkononi, hakuna pa kusaini. Nikajiona mjanja, silipi kodi!

Desemba wakaja wakaguzi. Mwalimu mwenzangu akaingia darasani mbio, akanishika mkono, akanipeleka jikoni kwa wamama wapishi. Nikavalishwa aproni, nikapewa beseni la vitunguu saumu nimenye. Mtu mweusi, futi sita, peke yangu katika tarafa nzima, nimejificha nyuma ya beseni. Mkaguzi akapita dirishani, akanitazama, mimi nikamwinamia na viganja nimeviunganisha na ganda la kitunguu limeganda kwenye paji la uso. Akapita. Wamama wakacheka, na mimi nikacheka. Jioni ndiyo nikasoma sheria yao ya kazi za wageni, ile iliyorekebishwa 2018: kufanya kazi bila kibali ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na kibali kingine huombi hadi ipite miaka 2. Na kumenya vitunguu saumu nako ni kazi.

Hapo ndipo ningetakiwa kupanda basi nirudi. Sikurudi, maana nilikuwa nimeaga ukoo mzima. Unajua aibu ya kurudi Musoma miezi miwili baada ya kuagwa kwa mbuzi?

Siku 90 zikakaribia kuisha. Shule ikasema vuka mpaka uingie Laos, nchi jirani, ubalozi wa Thailand ulioko Vientiane, mji mkuu wa Laos, utakupa Non-B, siku tatu umerudi. Wakala naye: siku tatu. Nikaacha kila kitu chumbani, nguo, jiko la umeme la kupikia wali, hadi kikombe hakijaoshwa. Viza ya Laos nilishaiomba Bangkok, nikapanda basi hadi Nong Khai, mji wa mpakani, nikavuka Daraja la Urafiki juu ya mto Mekong, lile lililofunguliwa 1994. Urafiki wenyewe sikuuona.

Dirishani pale ubalozini dada alikuwa mpole kabisa. Cheti cha chuo? Nikatoa nakala. Halisi? Halisi iko Kariakoo, wakala aliishikilia "kwa usalama". Cheti cha polisi cha tabia njema? Sina, wakala alisema hakihitajiki. Barua ya shule ilikuwepo, lakini viambatanisho vyake nusu. Akavirudisha taratibu, akasema nikaombe kwetu.

Sasa sikia hapa, maana hapa ndipo hela iliponitoka. Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Nilipogongwa muhuri wa kutoka, ilikufa. Kurudi Thailand siwezi. Nguo zangu Thailand, mshahara wa Januari Thailand, mimi Laos na begi la mgongoni lenye fulana mbili. Vientiane iko ukingoni mwa mto, na ng'ambo ni Thailand. Kila jioni kwa siku kumi na moja nilikaa pale naangalia taa za upande wa pili kama mtu anayechungulia harusi ya mchumba wake. Wakala simu haipatikani. Shemeji yangu akauza bodaboda yake ndipo ikapatikana nauli ya kurudi. Mpaka leo tukikutana kwenye sherehe ananiuliza, "Kule mbali au karibu?"

Kinachouma zaidi: ile viza ya utalii nilikwenda kuichukua ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Aprili 2019 nikarudi ubalozi ule ule, safari hii na cheti halisi (nilikwenda kukidai Kariakoo na mjomba askari, kikatoka droo ya kwanza), karatasi ya polisi na faili zima nililotumiwa na shule. Nikapewa Non-B. Ilikuwepo pale pale tangu mwanzo. Wakala alijua, ila kusubiri karatasi za shule ni wiki kadhaa na yeye alitaka hela yake Ijumaa. Kama yumo humu jukwaani, kalenda yako ninayo bado.

Mei nikarejea shule ile ile. Mama mkuu akanipokea kwa "suay", kailaza makusudi. Jiko langu la wali nikalikuta kwa mwalimu Mfilipino, ambaye yeye alikuja na Non-B tangu siku ya kwanza. Nikamwachia.

Siku hizi ni rahisi zaidi, tangu Januari 2025 maombi ya viza zao yanapita mtandaoni, kwa hiyo wakala asikwambie eti Nairobi mbali. Non-B uione kwa macho yako ukiwa bado nyumbani kwenu, ina jina lako na namba ya pasi yako. Shule ikisema "njoo kwanza", shule hiyo iache. Wakala akisema "njoo kwanza", mwombe akuachie cheti chake cha ndoa kwa usalama.

Uliuliza pia habari za chakula, sijui na nini kingine. Chakula utakula. Mwambie mpishi "mai phet", usiweke pilipili, ataweka mbili badala ya kumi.

Piga picha hiyo barua ya shule aliyokupa wakala, funika jina lako, iweke hapa tuisome. Na cheti chako halisi cha chuo kiko wapi sasa hivi? Usiniambie kiko kwake.