Jibu: Miche inakauka juu ya kifusi cha mgodi wa makaa

Salaam ndugu. Umesema miche imekauka mara mbili juu ya kifusi kilichotolewa chini mgodini, ingawa unamwagilia. Usinunue mingine kwanza. Tazama maji yanayochuruzika chini ya lundo: yakiacha utando wa rangi ya kutu kwenye mawe, shuku pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji inazaa asidi ya salfa, mizizi inaungua. Pima pH ya kifusi (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka asidi inazidi), ikiwa chini ya 4, mbolea ni kutupa hela.

Sisi kwenye kifusi chetu tulichanganya chokaa ya kilimo kupunguza asidi, tukafunika kwa udongo wa juu, tukaanza na nyasi, miti baadaye. Mitaro ya kukinga mvua tuliisahau, masika udongo wote ukashuka bondeni! Kiasi cha chokaa kwako siwezi kukisia, peleka sampuli maabara.