Jibu kwa mleta mada: dawa za kutia kwenye koka, nilizoziona zikifanya kazi na nilizoziona zikituingiza hasara

Mleta mada umeuliza kama kuna dawa ya kuchanganya na mabaki mazito ya mafuta ghafi ili mtambo wa koka (coker, unaoyapasua kwa joto kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta) utoe makaa machache na mafuta mepesi mengi, na umesema kwenye maabara ya chuo umepata makaa pungufu kwa pointi tatu za asilimia. Mimi nimekaa kwenye koka miaka kumi na moja, kiwanda kimoja huku Ghuba, kwanza nje kwenye mabomba, baadaye ndani kwenye skrini. Dawa zipo, na nyingine siwezi kukubali shifti bila hizo. Ila nyingi hazifanyi ile kazi unayoitaka wewe.

Kwa wanaopita tu: mabaki ya mnara wa vakyumu (unaochemsha mafuta kwa presha ndogo), yale meusi yaliyogoma kuchemka, yanapitishwa kwenye tanuri mpaka nyuzi 490 hadi 500 hivi. Yanakimbizwa makusudi, mvuke ukiyasukuma, yasipate nafasi ya kugeuka makaa ndani ya mabomba. Kisha yanaingia kwenye dramu, chuma kirefu kama jengo la ghorofa, na humo ndimo yanapoachiwa muda wa kupasuka. Gesi, nafta (mafuta mepesi kama petroli) na mafuta ya gesi (mazito kiasi, kama dizeli) hutoka juu, makaa hubaki. Dramu ikijaa unageuzia ya pili, ya kwanza unaipoza kwa maji na kuyakata makaa kwa maji ya presha kali. (Watu wa Changamwe msijisumbue kukumbuka: kiwanda chetu cha Mombasa hakikuwa na koka, mabaki yaliuzwa kama mafuta mazito hadi usafishaji uliposimama 2013.)

Sasa pointi zako tatu. Mwaka mmoja alitujia muuzaji na pipa la dawa yake, akaahidi makaa yatapungua pointi mbili. Tukaitia wiki tatu, na kweli yakapungua tatu! Bosi akafurahi, karatasi za ununuzi zikaanza kuandikwa. Kulikuwa na mama mmoja wa maabara, mkimya, akaleta daftari lake. Kipimo cha Conradson cha mabaki, yaani sehemu inayobaki kaboni ukiyachoma bila hewa, kilikuwa asilimia 22 kabla ya jaribio na 20 wakati wa jaribio. Meli iliyoleta ghafi ilikuwa nyingine. Kwenye koka tuna kanuni ya kukadiria: asilimia ya makaa ni Conradson mara 1.6. Piga hesabu: 35.2 kabla, 32 baadaye. Pointi tatu zote na ushee zimetoka kwenye meli, dawa haikuleta kitu. Muuzaji alikunywa chai yake akaondoka.

Ndiyo maana nakuuliza, mdogo wangu: dawa yako umeiyeyusha kwenye nini? Kama ni kimiminika chenye aromatiki nyingi, yaani molekuli za pete kama benzini, basi fanya jaribio jingine kwa kimiminika hicho peke yake, uzito uleule, bila dawa. Nina wasiwasi utapata karibu matokeo yaleyale. Asfaltini, zile molekuli nzito kabisa za mabaki, zinakaa zimeyeyuka mradi zimezungukwa na aromatiki. Zikikosa, zinajitenga na kukimbilia kuwa makaa. Na kama umetumia tetralini, kimiminika cha maabara, hiyo inatoa hidrojeni kweli na makaa yanapungua, hilo silikatai. Lakini mtambo unakula maelfu ya tani kwa siku, nani atainunua tetralini ya kutosha? Ukishusha presha ya dramu kwa psi 8 hivi (psi ni pauni kwa inchi mraba) unapunguza makaa kama pointi moja, na hiyo haiuzwi kwenye pipa.

Dawa ninayoiheshimu ni ya povu. Mabaki yakipasuka ndani ya dramu yanatoa povu, na povu likipanda likatoka na mvuke, makaa yanaingia kwenye bomba la juu na kwenye mnara wa kutenganisha. Hapo umejitafutia kazi ya wiki nzima. Tunatia mafuta ya silikoni, mazito mno, yanavunja kuta za mapovu. Usiku mmoja ghafi ilibadilika ghafla, kipimo cha mionzi cha juu kabisa kwenye dramu kikaanza kuona povu, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye skrini. Niliifungua pampu ya dawa mpaka mwisho. Povu likalala. Asubuhi nikapongezwa, na hapo ndipo tulipoharibu, kwa sababu kila shifti ikaanza kuacha pampu juu "kwa usalama". Hakuna aliyeandika, hakuna aliyeuliza.

Silikoni ile haivumilii joto la dramu. Inakatika vipande vidogo vinavyochemka pamoja na nafta, vinakwenda nayo hadi mtambo wa kuisafisha kwa hidrojeni, na kule vinaziba vinyweleo vya kichocheo. Kichocheo kilichokula silikoni hakifufuki kwa kuchomwa kama kile kilichochafuka kwa kaboni tu; unakitupa. Chetu kilikufa kabla ya muda wake, na jamaa wa mtambo ule hawakutusalimia kwa muda mrefu. Tangu hapo: dawa nzito zaidi, maana inadumu zaidi na unatia kidogo, sindano ya kuitilia ikahamishwa mbali na tundu la mvuke, na unaitia povu linapokaribia tu, au wakati wa kubadilisha dramu, presha ikishuka na povu kuvimba. Na tukaacha tamaa ya kujaza dramu mpaka shingoni.

Kwa tanuri, kabla hujanunua dawa ya kuzuia mabomba kuziba, nenda kaangalie kiondoa chumvi. Sodiamu inaharakisha makaa ndani ya mabomba kuliko unavyodhani, na mara nyingi ni sisi wenyewe tumeitia, soda kali ya kupambana na kutu kule mwanzoni kwenye ghafi. Sisi tulipunguza soda, tanuri likaenda muda mrefu zaidi, hatukununua kitu.

Kuna jingine: makaa ya vigololi. Ghafi yenye asfaltini nyingi inakupa makaa ya mipira midogo badala ya sifongo, na ukimwaga maji yanapita njia zake, katikati panabaki moto. Nimewahi kuona dramu ikifunguliwa, rundo likaporomoka, mvuke na maji ya moto vikaruka juu. Tulikimbia wote, na hakuna aliyeumia. Kilichotusaidia ni mafuta ya aromatiki yanayotoka chini ya mtambo unaopasua mafuta kwa kichocheo, ambayo kiwanda kilikuwa nayo tayari, tukayachanganya kwenye mabaki chini ya moja ya kumi. Vigololi vilipungua, ingawa jumla ya makaa haikupungua.

Weka hapa Conradson ya sampuli zako zote, presha ya chombo chako, na jina la kimiminika ulichoyeyushia. Nikitoka shifti ya usiku nitazipitia.