Priampu ya valvu: ya zamani au mpya?

SWALI: Nimepata priampu ya valvu (kifaa cha taa za kioo kinachokuza sauti kabla ya amplifaya) ya Marekani ya miaka ya 1960. Kwa bei hiyo hiyo napata mpya. Nichukue ipi? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ndugu msomaji, soma kwanza kibati cha nyuma. Kikionyesha volti 117, hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), usiichomeke ukutani. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi, kwa hiyo ile ya ndani huweza kuchemka kupita kiasi.

Ugonjwa mkubwa lakini ni kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme. Za elektroliti zikikauka, spika huvuma mfululizo. Za karatasi zikivuja, volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) hupenya hadi kwenye amplifaya. Acha valvu zipate moto, kisha pima DC kwenye tundu la kutolea sauti: ikizidi milivolti chache na haishuki, kapasita za karatasi zibadilishwe zote. Fundi amalize chaji kwanza, maana hata baada ya kuchomoa, volti 300 huweza kubaki ndani.

Valvu zenyewe zisikutishe. ECC83, yaani 12AX7, bado inatengenezwa.

Huna fundi anayezijua valvu? Nunua mpya. Ila kama unapiga santuri, hakikisha ina tundu la fono, yaani la kuchomeka mashine ya santuri. Nyingi za siku hizi hazina.