Chakula cha skuli ya maandalizi: niliyoyaona jikoni Micheweni

Dada yangu, umeuliza kama kuna haja ya kuchangia chakula cha skuli kwa mtoto wa miaka 5, na kama ukishachanga bado umpe kitu asubuhi. Changa, na asubuhi usimtoe na njaa. Nimepika kwenye skuli moja ya maandalizi huku Micheweni, Pemba, kwa miaka minne, na suala la asubuhi ndilo lililotusumbua kuliko yote.

Tulianza na wali na maharage, tukipakua saa tano. Tukajiona tumemaliza kazi. Kumbe watoto wengi walikuwa wametoka kwao alfajiri na chai ya rangi na kipande cha mkate, na wengine hata hicho hawakukipata. Ikifika saa tatu washajilaza mkekani, mwalimu anaimba peke yake. Wali ukiiva, masomo yamekwisha. Tukabadilisha: uji mzito saa tatu kila siku, na siku mbili za wiki tunaongeza viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, au mbaazi. Viazi tulivitia tui la nazi, maana vitamini A iliyomo haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mwezi haukwisha, watoto wa kulala saa tatu tukawa tunawahesabu kwa vidole.

Maharage walikuwa wakiyaacha pembeni ya sahani. Mama mmoja wa pwani akatufundisha: dagaa waoshwe mchanga utoke, wakaangwe bila mafuta mpaka wakauke, watwangwe na kuchekechwa, unga wake utiwe kwenye mbaazi za nazi. Sahani zikawa zinarudi nyeupe. Nyumbani hili unaliweza, tena kwa fedha kidogo.

Kuhusu mchango, asiyekuwa na fedha alileta muhogo, nazi au kuni. Wakati wa karafuu, watu wakiwa na fedha mkononi, kamati ilikusanya zaidi na kununua unga na mafuta ya miezi ya mbele. Mwaka mmoja muuzaji alituletea njugu zimeshika unyevu, nyingine zina ukungu. Wenzangu wakasema tuzikaange tu, harufu itaondoka. Nilikataa, na tuligombana kweli. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haimalizwi na moto wa jikoni, na anayeila ni mtoto wa miaka minne. Zile njugu zilizikwa, na mpaka leo sijutii hata punje.

Sasa yaliyo mikononi mwako wewe. Chai mpunguzie, na usimpe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya kwenye kunde na mboga. Badala yake mkamulie ndimu kwenye mchicha au mpe chungwa. Hivyo husaidia chuma kuingia. Chumvi nunua yenye madini joto. Sisi watu wa visiwani tunadhani samaki anatutosha, lakini watafiti walipowapima watoto wa skuli hapa Pemba waliwakuta na upungufu wa madini joto na bahari tunaiona mlangoni.

Ukimuona mweupe wa macho na viganja, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na minyoo kwanza. Safura, minyoo wanaonyonya damu, imekula damu za watoto wetu miaka mingi, kwa hiyo siku ya kugawa dawa za minyoo usimfiche ndani. Na kuhusu hivyo vidonge, utafiti mkubwa uliofanywa hapa hapa Pemba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto wa chini ya miaka 3 madini ya chuma na foliki asidi kila siku bila kuwapima mmoja mmoja. Malaria wakati huo ilikuwa nyingi, na waliopewa chuma wakalazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa, hata sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Wako ni mkubwa kidogo, lakini mimi tangu nilijue hilo simpi mjukuu kidonge bila kipimo.

Asubuhi ya kesho, kama jana usiku mlipika muhogo au majimbi, mpashie moto kipande na samaki aliyebaki, ale kabla hajavaa yunifomu. Na ukienda kikao cha wazazi, kabla ya kuuliza mchango ni shilingi ngapi, uliza wanapakua saa ngapi. Wakikwambia saa tano, nyoosha mkono.