Maswali yenu: Bajeti ya elimu matrilioni, mbona bado tunachangia karatasi za mtihani?

SWALI: Mwangaluka mzee wa safu. Mi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, nakaa Igoma. Kila bajeti ikisomwa Dodoma nasikia elimu imepewa trilioni, afu wiki hiyohiyo mwanangu wa la tatu anarudi na kikaratasi tuchangie mtihani na mlinzi, na darasani wako mia na ishirini na kitu. Hiyo trilioni shule za msingi zinapata asilimia ngapi jamani, au inaishia vyuoni huko? – Mama wa wawili

JIBU: Mwangaluka mayu. Umeuliza vizuri ila hiyo asilimia ina mtego, ndo maana sikutajii namba moja nikaondoka. Hela anayoisoma waziri wa elimu kwa sehemu kubwa sio ya shule ya mwanao, ile inabeba vyuo, mikopo ya wanafunzi wa chuo kikuu, mitihani, mitaala. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri, hela yake inapita halmashauri, kwenu ni Jiji la Mwanza, na inasomwa siku nyingine na waziri mwingine. Kwahiyo mtu akishika kitabu kimoja tu cha bajeti atakwambia msingi inapewa kiduchu, mwingine akishika kile kingine atasema msingi inakula kuliko wote, na wote wawili hawajadanganya.

Kipimo kipo. UNESCO inataka elimu yote ipate asilimia 15 mpaka 20 ya matumizi ya serikali, na wafadhili wa elimu wamekuwa wakitumia kipimo kwamba asilimia 45 ya bajeti ya elimu iende msingi kwa nchi ambazo watoto wengi bado hawamalizi shule. Sawa, lakini watoto wa msingi nchini wanapita milioni 10, wa vyuo vikuu hata nusu milioni hawafiki, sasa hata ukiwapa wa msingi nusu ya sufuria bado kila sahani inatoka na tonge moja. Afu ndani ya fungu hilo kinachomeza zaidi ni mishahara ya walimu, na ni haki yao, ila mshahara haununui chaki.

Kinachofika shuleni kwa matumizi ya kila siku ni ruzuku. Kiwango ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki juu serikalini kununulia vitabu, shule inapata 6,000. Gawa kwa miezi 12 ni mia tano! Daladala ya Igoma mjini kwenda na kurudi haikutoshi. Na hiyo elfu kumi ni ya enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002, ilipopigiwa hesabu ya dola 10, leo dola 10 inapita elfu ishirini, na elimu bila ada ilipoanza 2016 walianza na elfu kumi ileile. Mi hapo ndo naona tatizo lilipo, watu tunabishana asilimia wakati shilingi ya mtoto mmoja haijasogea.

Kuhusu kikaratasi: sare, madaftari na chakula ni vyako, mchango mwingine ni hiari na mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani eti hajalipa. Nenda kwenye ubao wa matangazo uangalie ruzuku ya mwezi imeingia shilingi ngapi, zidisha idadi ya watoto kwa 500. Watoto 1,500 ni laki saba na nusu, na hapo kuna chaki, karatasi, kitasa kilichovunjika na mambo ya ofisi. Ikiwa pungufu waulize kamati ya shule, mwalimu mkuu usimgombeze, mara nyingi hata yeye anaisubiri.

SWALI: Huku Nansio tumejengewa madarasa ya BOOST, ule mradi wa kuboresha shule za awali na msingi, nayo yanahesabiwa kwenye hiyo bajeti ya elimu? – Msomaji, Ukerewe

JIBU: Yanahesabiwa, upande wa hela za maendeleo, zile za ujenzi. Ni mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 500 kwa awali na msingi. Mwaka wa kujenga asilimia inapanda, ujenzi ukiisha inashuka, na mwalimu wa kuingia humo anatoka fungu la mishahara ambalo halikuongezeka kisa nyie mmepata kuta. Mliopata darasa mkakosa mwalimu niandikieni, tajeni kata tu, jina la shule bakini nalo.